Mzazi Anapoitwa Shuleni: Namna ya Kujenga Ushirikiano wa Familia na Walimu

Katika shule nyingi neno "kuitwa" limebeba mzigo mzito. Mtoto akirudi nyumbani na kusema, "Mama, umeitwa shuleni," hakuna anayeuliza kama kuna habari njema, swali la kwanza huwa ni, "Umefanya nini tena?" Kesho yake mama huyo anaingia ofisini akiwa amejiandaa kwa moja kati ya mambo mawili, kuomba radhi au kujitetea, na mwalimu naye anamsubiri akiwa na orodha ya makosa mezani. Wote wawili wanamtakia mema mtoto yuleyule, lakini wanakutana kama watu wenye kesi.

Mwongozo huu unawalenga walimu wa madarasa, walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule ambao wangependa wito wa shule upokewe nyumbani bila hofu. Sehemu yake moja inawahusu wazazi na walezi wenyewe. Sikuupanga kwa hatua zenye namba, kwa kuwa kazi yenyewe haiendi kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo mambo ya mwanzo yanapaswa kutangulia kweli, kwani yakirukwa, yote yanayofuata hugeuka kuwa vikao vyenye viti vitupu.

Kabla ya kuwalaumu wasiokuja

Kauli kwamba wazazi wa siku hizi hawajali husikika katika vyumba vingi vya walimu, nayo ina hasara moja kubwa: inafunga uchunguzi kabla haujaanza. Katika miaka ya 1990 watafiti Kathleen Hoover-Dempsey na Howard Sandler wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, nchini Marekani, waliligeuza swali hilo. Badala ya kuuliza kwa nini wazazi fulani hawashiriki, waliuliza ni nini humfanya mzazi aamue kushiriki. Walitaja mambo matatu. Mzazi hushiriki anapoamini kwamba kufuatilia masomo ya mtoto ni sehemu ya wajibu wake na si kazi ya mwalimu peke yake. Anapoamini kwamba juhudi zake zinaweza kuleta tofauti. Na anapohisi kwamba amekaribishwa kwa dhati, na shule, na mwalimu, na mtoto mwenyewe. Juu ya hayo kuna hali ya maisha: muda alio nao, nguvu zinazombakia baada ya kazi, na ujuzi anaodhani anao.

Mgawanyo huo una faida kwa sababu kila sababu ina dawa yake. Mzazi anayefanya kazi ya zamu hahitaji hotuba kuhusu umuhimu wa elimu, anahitaji saa nyingine ya kukutana. Mzazi aliyeacha shule mapema na anayeona aibu kulishika daftari la hesabu hahitaji saa nyingine. Anahitaji kuonyeshwa jambo analoweza kufanya bila kujua hesabu hizo. Na yule aliyewahi kudharauliwa shuleni alipokuwa mtoto huenda asihitaji chochote zaidi ya kupokewa vizuri mara tatu au nne mfululizo, mpaka kumbukumbu mpya ianze kuifunika ile ya zamani.

Kwa hiyo, anza kwa kuuliza. Maswali manne mafupi yanatosha: ni saa ngapi na siku gani unaweza kupatikana, unapendelea kupigiwa simu, kuandikiwa au kuonana ana kwa ana, unatumia lugha gani kwa uhuru zaidi, na nani mwingine nyumbani anamsaidia mtoto katika masomo. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi, ilhali katika familia nyingi anayekaa na mtoto jioni ni bibi, kaka mkubwa au shangazi, na barua zote za shule zinaandikwa kwa "mzazi" ambaye hayupo nyumbani saa hizo.

Simu ya kwanza isiwe ya malalamiko

Kama mwalimu ana nafasi ya kufanya jambo moja tu kati ya yote yaliyomo humu, basi afanye hili: awasiliane na kila familia mwanzoni mwa mwaka, kabla ya tatizo lolote kutokea, akiwa na habari njema na ya kweli kuhusu mtoto.

Hesabu yake si ya kutisha. Darasa la wanafunzi 40, kwa simu mbili kila siku ya masomo, linamalizika katika siku 20, yaani wiki nne. Kila simu inaweza kuchukua dakika tano. Mwalimu wa sekondari anayefundisha mikondo mingi hawezi kuwafikia wote peke yake, na hapo walimu wagawane majina ili kila mwanafunzi awe na mwalimu mmoja aliyezungumza na nyumbani kwake.

Mazungumzo yenyewe yana sehemu tatu. Kwanza, ondoa hofu mara moja: "Habari za jioni, mama. Mimi ni mwalimu wa darasa wa mwanao. Sijapiga kwa sababu kuna tatizo." Sentensi hiyo ya mwisho usiisahau, maana mpaka itamkwe, mzazi hasikii lolote jingine. Pili, taja jambo mahususi uliloliona kwa macho yako. "Mwanao ni mtoto mzuri" ni maneno matupu. "Leo alimweleza mwenzake jinsi ya kugawanya sehemu, akatumia kipande cha karatasi kukunja nusu na robo" ni ushahidi kwamba unamtazama. Tatu, uliza swali ambalo mzazi analijua kuliko wewe: "Kuna jambo gani kuhusu mwanao ambalo lingenisaidia kumfundisha vizuri zaidi?" Kisha nyamaza, usikilize, na uandike jibu.

Majibu ya swali hilo ni mali. Mzazi mmoja atasema mtoto hasikii vizuri sikio la kushoto na hapendi kusema. Mwingine atasema amehamia kwa baba mdogo tangu mwezi uliopita. Mwingine atasema tu kwamba mtoto anapenda kuchora. Hata jibu la tatu lina kazi yake. Mwalimu anayemruhusu mtoto huyo kuchora mchoro wa mzunguko wa maji kabla ya kuuandikia maelezo amefungua mlango ambao mtihani haukuuonyesha.

Weka daftari lenye jina la kila mwanafunzi na safu mbili: tarehe ya mawasiliano yenye habari njema, na tarehe ya mawasiliano yenye tatizo. Baada ya muhula mmoja litazame kwa uaminifu. Utagundua kwamba kuna familia ambazo hazijafikiwa kabisa, na mara nyingi ni za wale watoto watulivu wa katikati, ambao hawasumbui na hawang'ari. Utagundua pia kwamba kuna familia ambazo safu yao ya pili imejaa na ya kwanza ni tupu. Hao ndio wanaoogopa simu yako.

Imani hujengwa kwa mambo madogo

Anthony Bryk na Barbara Schneider waliofuatilia shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002 waliona kwamba shule ambazo watu wazima wake waliaminiana zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuinua viwango vya kusoma na hesabu kuliko zile ambazo imani ilikuwa dhaifu. Waliitenganisha imani hiyo katika nguzo nne: heshima, kujali utu wa mwenzako kupita mipaka ya kazi, umahiri katika kazi yenyewe, na uadilifu, maana yake maneno na vitendo kulingana.

Nguzo hizo zinaweza kusikika kama maneno ya ukutani mpaka uzishushe kwenye siku ya kawaida ya shule. Heshima ni mzazi kupewa kiti kabla ya kuanza kuulizwa maswali, na kutokemewa mbele ya mwanawe. Kujali ni mwalimu kukumbuka kuuliza hali ya mgonjwa aliyetajwa katika mazungumzo yaliyopita. Umahiri ni mzazi kuona daftari limesahihishwa na kosa limeelezwa, si kupigwa mkwaju mwekundu tu. Uadilifu ni rahisi kuliko vyote kuupima: ukisema utapiga simu Alhamisi, piga Alhamisi, hata kama huna jipya la kusema zaidi ya kwamba bado unafuatilia. Nafikiri nguzo hii ya mwisho ndiyo inayoporomoka mapema zaidi, kwa sababu ahadi za shule hutolewa mikutanoni na huwa hazina mtu mmoja wa kuzitimiza.

Kwenda nyumbani, na kwenda kama mwanafunzi

Kuitembelea familia ni njia yenye nguvu, na kwa sababu hiyohiyo ni njia inayoweza kuharibu. Mwaka 1998 huko Sacramento, katika jimbo la California, wazazi na walimu walianzisha utaratibu wa ziara za nyumbani ambao baadaye ulienea katika majimbo mengine ya Marekani. Masharti yake yanafaa kuigwa popote. Ziara ni hiari kwa pande zote mbili na hupangwa mapema. Walimu huenda wawili wawili. Familia hazichaguliwi kwa kuwa watoto wao wana matatizo, maana hilo lingegeuza ziara kuwa alama ya fedheha. Na katika ziara ya kwanza mwalimu haendi na fomu wala ripoti. Anauliza matumaini na ndoto za familia kwa mtoto wao, kisha anasikiliza.

Familia isiyotaka mgeni nyumbani ina haki hiyo, na haidaiwi sababu. Pendekezeni mahali pengine: maktaba, uwanja, au ofisi ya jirani anayeaminika. Mwalimu naye asitembeze macho kama mkaguzi. Akirudi shuleni, hali ya nyumba aliyoiona si habari ya kusimulia katika chumba cha walimu, isipokuwa ameona dalili kwamba mtoto yuko hatarini, na hapo afuate utaratibu wa ulinzi wa mtoto bila kuchelewa.

Faida ya ziara hizi inaonekana vizuri katika kazi ya Luis Moll na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona iliyochapishwa mwaka 1992. Walimu mjini Tucson walizitembelea familia za wafanyakazi zenye asili ya Meksiko kama watafiti, wakitafuta si upungufu bali maarifa yaliyomo ndani ya nyumba hizo. Walikuta ujuzi wa kilimo, ujenzi, ufundi wa mashine, dawa za asili na biashara. Mwalimu mmoja aligundua kwamba mwanafunzi wake alikuwa akiwauzia majirani pipi kutoka Meksiko. Badala ya kuliona hilo kama jambo la kumtoa mtoto kwenye masomo, alilijengea mada darasani. Wanafunzi walichunguza viambato vya pipi na kulinganisha utengenezaji wake, na mama mmoja wa mtaa huo alialikwa darasani kuwaonyesha namna ya kuzitengeneza. Siku hiyo aliyekuwa akijua alikuwa mzazi, na mwalimu alikuwa miongoni mwa wanaojifunza.

Huhitaji mradi wa chuo kikuu ili kufanya hivyo. Andika, kando ya kila jina katika daftari lako, kazi au ustadi mmoja unaopatikana nyumbani kwa mtoto huyo, kisha unapoandaa maandalio ya somo, pitisha jicho kwenye orodha hiyo. Fundi cherehani ana mengi ya kusema kuhusu vipimo. Dereva anajua umbali, mwendo na muda kuliko mfano wowote wa kitabuni.

Mkutano mkuu na kikao cha watu watatu

Mkutano mkuu wa wazazi una mahali pake, lakini ushirikiano haujengwi hapo. Watu mia tatu wanakaa wakitazama meza kuu, wanasomewa wastani wa ufaulu, wanaelezwa michango, na wachache wenye sauti wanauliza maswali. Mzazi anaondoka bila kujua kama mwanawe anaweza kusoma aya moja bila kukwama. Kama mkutano huo hauwezi kuepukwa, ufupisheni, taarifa za fedha zitolewe kwa maandishi, na nusu ya muda ihamishiwe madarasani, ambako wazazi watakaa na mwalimu wa darasa, wafungue madaftari ya watoto wao na kuona kazi halisi. Tena si vizuri suala la michango liwe ndilo linalofungua kikao, maana asiye nacho ataanza kupanga namna ya kutokuja mara ijayo.

Kikao chenye thamani ni kile cha mwalimu, mzazi na mwanafunzi. Tenga dakika 15 hadi 20 kwa kila familia, na toa nafasi za asubuhi na za jioni. Kaeni upande mmoja wa meza, mkitazama kazi ya mtoto kwa pamoja, badala ya mwalimu kukaa nyuma ya meza kama hakimu. Mwanafunzi aliye na umri wa kutosha aanze yeye: aonyeshe kazi anayojivunia, kisha kazi iliyomshinda, na aeleze anadhani alikwama wapi. Mazoezi ya kuyasema hayo yafanyike darasani siku chache kabla. Walimu wanaoanza utaratibu huu huhofia kwamba watoto watadanganya. Ukweli ni kwamba daftari liko mezani, na mtoto anayelijua hilo huwa mkweli kuliko anavyotarajiwa.

Baada ya hapo mwalimu aongeze anachokiona, mzazi aulizwe kama picha hiyo inalingana na ya nyumbani, na watatu hao wakubaliane jambo moja kwa kila upande. Jambo moja, si saba. Mwanafunzi atasoma kwa sauti dakika kumi kila jioni. Mzazi atamsikiliza na kutia saini. Mwalimu atamsikiliza kila Ijumaa na kuandika amefika wapi. Tarehe ya kupitia makubaliano hayo iandikwe kabla hawajainuka.

Ujumbe unaosema kitu

Mawasiliano ya kila wiki hayahitaji kuwa marefu. Ben York na Susanna Loeb wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu mpango wa ujumbe mfupi wa simu kwa wazazi wa watoto wa shule za awali mjini San Francisco. Wazazi walipokea ujumbe mara tatu kwa wiki: mmoja ukieleza kwa nini stadi fulani ni muhimu, mwingine ukitoa kitendo kidogo cha kufanya, na wa tatu ukiwatia moyo na kuwasogeza hatua ya mbele. Watoto wa wazazi hao walionyesha maendeleo katika stadi za awali za kusoma, na wazazi wenyewe waliongeza shughuli hizo nyumbani na kuwasiliana zaidi na walimu. Funzo kwa mwalimu ni udogo na uwazi wa ombi. "Tafadhali fuatilia masomo ya mtoto" hakuna anayejua pa kuanzia. "Wiki hii tunajifunza sauti ya herufi m. Mkiwa njiani, mwambieni mtoto atafute vitu vitatu vinavyoanza na sauti hiyo" hata mzazi aliyechoka anaweza.

Makundi ya WhatsApp ya madarasa ni msaada na ni balaa, kutegemea kanuni zilizowekwa siku ya kwanza. Alama za mwanafunzi zisitumwe kundini, wala kosa la mtoto lisijadiliwe humo kwa jina wala kwa dokezo. Picha za watoto zisitumwe bila idhini. Saa ya mwisho ya ujumbe ijulikane, na mwalimu asilazimike kujibu usiku. Jambo linalomhusu mtoto mmoja lipelekwe kwa mzazi wake peke yake. Na kwa kuwa si kila nyumba ina simu ya aina hiyo, hakuna taarifa muhimu inayopaswa kupitia kundi pekee.

Kwa mzazi asiyesoma, ujumbe wa sauti au simu ya kawaida unatosha. Kwa mzazi asiyeielewa lugha ya shule, tafuta mkalimani mtu mzima. Mtoto asifanywe mkalimani wa kikao kinachomjadili yeye mwenyewe: ni kumtwika mzigo usio wake, na pia, tuseme kweli, ni kumpa kishawishi cha kutafsiri anavyopenda.

Kwa mzazi na mlezi: kazi yako si kufundisha tena

Wazazi wengi wanadhani kusaidia masomo ni kukaa juu ya kazi ya nyumbani mpaka iishe. Nancy Hill na Diana Tyson walichapisha mwaka 2009 uchambuzi uliokusanya tafiti 50 kuhusu wanafunzi wa umri wa kati ya utoto na ujana. Kilichohusiana zaidi na ufaulu si kusaidia kazi za nyumbani, ambako matokeo yalikuwa mchanganyiko na hata kinyume, bali mazungumzo yanayompa mtoto maana ya elimu: kumweleza matarajio, kuunganisha anachojifunza na anachotaka kuwa, na kupanga naye mbinu za kujifunza na mipango ya baadaye. Kwa mzazi ambaye hesabu za darasa la mwanawe zimeshampita, hiyo ni habari ya kutuliza moyo.

Katika maisha ya kila siku maana yake ni kwamba uulize maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "hakuna". "Leo mmesoma nini?" huleta "hakuna kitu". "Leo ni jambo gani lilikuwa gumu, na ulifanyaje?" huleta habari. Mpe saa na mahali pa kusomea panapojulikana, hata kama ni kona ya chumba kinachotumiwa na wote, na zima televisheni kwa muda huo. Mtoto akikwama katika zoezi kwa muda wa kutosha, usimfanyie. Mwache aandike, "Nimejaribu hivi, nimekwama hapa," nawe utie saini. Mwalimu atajifunza zaidi kutoka kwenye mstari huo kuliko kutoka kwenye majibu sahihi yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu mzima.

Kwa watoto wadogo, kusoma pamoja kuna nguvu zaidi mtoto akishirikishwa kuliko akisomewa tu. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kwamba wazazi waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi, kupanua majibu ya mtoto na kumpa nafasi ya kusimulia waliinua uwezo wa lugha wa watoto wao, waliokuwa na umri wa kati ya miezi 21 na 35, kuliko wale waliosoma kwa mazoea. Mtoto akisema, "Mbwa," ongeza, "Ndiyo, mbwa mkubwa anakimbia. Unadhani anakimbilia wapi?" Hata kitabu cha picha zisizo na maneno kinafaa, na mzazi asiyesoma anakiweza.

Wala usiache lugha ya nyumbani kwa kudhani inamchelewesha mtoto shuleni. Tangu mwaka 1953 UNESCO imekuwa ikisisitiza kwamba lugha ya kwanza ya mtoto ndiyo njia bora ya kuanzia elimu yake. Mzazi anayezungumza na mwanawe kwa ufasaha katika lugha anayoimudu anampa msamiati na mantiki ambavyo atavihamishia katika lugha nyingine. Anayemlazimisha azungumze lugha ambayo yeye mwenyewe anaibabaisha anamnyima vyote viwili.

Wazazi kwenye meza ya maamuzi

Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliugawa ushirikiano katika aina sita: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na kushirikiana na jamii. Katika shule nyingi ni aina ya tano inayobaki ya jina tu. Kamati ipo, wajumbe wamechaguliwa, lakini wanaletewa uamuzi uliokwisha kufanywa ili waupitishe. Epstein anapendekeza kikosi kidogo cha walimu, wazazi na uongozi kinachoandika mpango wa mwaka mmoja, ambao shughuli zake zimefungwa kwenye malengo ya shule yenyewe. Kama lengo ni kupunguza utoro, basi shughuli za wazazi zihusu utoro. Sherehe ya mwisho wa mwaka ni jambo jema, lakini si ushirikiano wa kupunguza utoro.

Angalieni pia wajumbe ni akina nani. Kamati ambayo kila mjumbe wake ana uwezo, muda na lugha ya kusemea mikutanoni itasahau, bila nia mbaya, yale yanayowakabili wengine. Walezi wa watoto wenye ulemavu na wa wale waliohamia karibuni wawe na viti vyao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unawatambua wazazi au walezi wa kisheria kuwa wenye wajibu wa kwanza katika malezi, na katika ibara ya 29 unataka elimu ijenge kwa mtoto heshima kwa wazazi wake, utamaduni wake na lugha yake. Shule inayomdharau mzazi mbele ya mtoto inakwenda kinyume cha hilo.

Mambo yanapoharibika

Kutakuwa na siku ambayo lazima umwite mzazi kwa tatizo. Kama simu ya kwanza ilikuwa ya habari njema, hii ya pili itakuwa rahisi zaidi. Eleza ulichokiona, si unachokidhani: "Wiki hii hakuleta kazi mara tatu, na Jumanne alilala darasani," si "amekuwa mvivu". Kisha uliza mzazi ameona nini nyumbani kabla ya kupendekeza lolote. Usingizi darasani unaweza kuwa simu ya usiku, unaweza kuwa ugonjwa, unaweza kuwa mtoto anayeamka alfajiri kumhudumia mdogo wake.

Mzazi akija na hasira, msikilize mpaka mwisho, rudia kwa maneno yako ulichokisikia, na kama shule imekosea, kubali papo hapo na useme utakachofanya. Akianza kutukana, sitisheni kikao kwa adabu na mpange siku nyingine akiwepo kiongozi wa shule. Pale wazazi walipotengana, taarifa ziende kwa wote wawili isipokuwa kuna amri ya mahakama inayosema vinginevyo, na mtoto asitumwe kubeba ujumbe kati yao.

Kukabidhi

Kazi nyingi ya mwaka hupotea siku mwalimu anapobadilisha darasa. Familia iliyochukua miezi kumwamini mwalimu mmoja inaanza upya na mwingine, na mara nyingi mwalimu huyo mpya huanza kwa malalamiko. Kwa hiyo, kabla ya likizo ndefu, jaza ukurasa mmoja kwa kila mtoto: nani hupatikana, saa ngapi na kwa njia gani, familia inatarajia nini kwa mtoto, ustadi gani upo nyumbani, makubaliano gani yalifanya kazi na yapi yalishindwa. Siri za familia zisizohusu ujifunzaji usiziandike, wala maneno kama "mzazi msumbufu". Mwonyeshe mzazi ukurasa huo katika kikao cha mwisho, na umwulize kama kuna la kuongeza au la kufuta. Halafu, ikiwezekana, mpeleke mpaka kwenye mlango wa darasa jipya, uwatambulishe kwa majina, na uondoke.